Kishungi Auzwa kwa Ajili ya Bati

Sogeeni hapa. Mwenye kiu akanywe maji sasa hivi, maana nikianza sisimami.

Huyu ni Somoe. Anakaa Namtimbwa, kijiji cha mikorosho na mihogo, mbali na barabara ya lami.

Somoe ana Baba na Mama. Ana mdogo wake anaitwa Chande, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Somoe ana kuku pia. Kuku huyo ana manyoya yaliyosimama kichwani, kwa hiyo anaitwa Kishungi.

"Ko ko ko," anasema Kishungi kila asubuhi. Maana yake, nipe pumba.

Na Somoe alikuwa na Bibi. Nimesema alikuwa. Basi tulieni niwaambie.

Siku hiyo upepo ulianza mchana. Vuuu!

Haukuwa upepo wa kukausha nguo. Kilikuwa kimbunga.

Vuuu! Vuuu! Nyasi za paa zikaruka kidogo kidogo. Halafu zikaruka zote.

Vuuu! Vuuu! Mikorosho ikang'oka na mizizi yake. Ile mikubwa kabisa ndiyo iliyotangulia kuanguka.

Mama akambeba Chande. Baba akamshika Somoe mkono. Wakakimbilia darasani shuleni, kwenye kuta za matofali.

"Kaeni hapa hapa," Baba akasema. "Namfuata Bibi kule kwake."

Baba akatoka mbio. Somoe akangoja mlangoni.

Baba alirudi peke yake. Alikuwa na matope mpaka kwenye nywele, na alikuwa analia kwa sauti.

Ukuta wa nyumba ya Bibi ulikuwa umeanguka kabla hajafika. Bibi alikuwa ndani.

Somoe hakuwahi kumwona Baba akilia. Jambo hilo lilimtisha kuliko ule upepo.

Kesho yake walimzika Bibi. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na kila mtu alilowa chapachapa.

Nyumba haikuwepo tena. Mahindi yalikuwa yamelala chini. Mbuzi wa jirani walikuwa wamekufa, na kuku wa jirani pia.

Somoe akatafuta, akatafuta. Akainama, akachungulia ndani ya pipa lililoanguka.

"Ko ko ko," pipa likasema.

Alikuwa Kishungi! Amelowa, anatetemeka, lakini mzima.

Somoe akamkumbatia, matope na vyote. Akalia hapo hapo, kwa sababu ya Bibi, na kwa sababu ya Kishungi.

Sasa walikuwa wanalala chini ya turubai. Turubai lilikuwa na matundu. Do, do, do, maji yakadondoka.

Mkeka ukalowa. Shuka likalowa. Chande akaanza kukohoa.

Kho! Kho! Kho! Mchana anakohoa, na jioni anakohoa zaidi.

Mama akampeleka zahanati. Nesi akamsikiliza kifuani, akatikisa kichwa.

"Mtoto huyu asilale penye unyevu," nesi akasema. "Mtafutieni pakavu."

Pakavu? Namtimbwa nzima hapakuwa na pakavu, labda ndani ya kiberiti.

Kwa hiyo Mama Mdogo akaja. Mama Mdogo ni mdogo wake Mama, na anakaa ng'ambo ya mto. Huko kimbunga hakikufika.

Mama Mdogo akamfunga Chande mgongoni. Chande akanyoosha mikono kumtaka Mama. Mama akageuka, akaangalia pembeni.

Somoe akawafuata mpaka njia panda. Akarudi peke yake, kamasi zinamtoka.

"Mama, Chande atarudi lini?"

"Tukipata paa, mwanangu."

Basi Baba akaanza kujenga. Akasimamisha miti, akafunga fito. Somoe akakanyaga udongo. Pwata, pwata, pwata!

Wakakandika ukuta mzuri. Somoe akaupiga kofi kwa furaha.

Mvua ikaja. Ukuta ukamomonyoka, ukawa matope tena.

Baba akakandika upya. Pwata, pwata, pwata!

Mvua ikaja. Ukuta ukaanguka wote, puu!

"Baba, kwa nini unaanguka?"

"Hauna paa. Ukuta usio na paa, mvua inaula."

"Si tuezeke nyasi?"

"Nyasi za kuezekea zimeoza zote kule kondeni. Tunahitaji bati."

"Bati tutalipata wapi?"

Baba akaokota jembe. Akaanza kuchimba udongo mwingine.

Siku moja Mama akaenda kumwona Chande. Aliondoka anatabasamu. Aliporudi alikaa chini, hata viatu hakuvua.

"Chande hajambo?" Somoe akauliza.

"Hajambo. Kikohozi kimepungua."

"Amefurahi kukuona?"

Mama akajifuta uso kwa upande wa khanga. "Alinikimbia. Nilitaka kumbeba, akakimbilia kwa Mama Mdogo. Ameanza kutusahau, Somoe."

Somoe akamsogelea. "Na mimi atanisahau?"

"Bado mdogo. Watoto wadogo wanasahau."

"Chande atarudi lini?"

"Tukipata paa, mwanangu."

Ndipo akaja Bi Nandonde. Mnamsikia kabla hamjamwona, huyo! Ana sauti, jamani, inafika mpaka mtoni.

"Hodi hodi! Jumamosi! Uwanja wa shule! Mchango wa mabati!"

"Karibu, Bi Nandonde," Mama akasema.

"Starehe, sikai. Watu wa ng'ambo wanakuja. Wageni wa mjini wanakuja. Kila mwenye chochote alete, tukiuze mnadani. Hela zote zinanunua mabati!"

"Sisi hatuna kitu," Baba akasema.

"Utapanga mabenchi. Mama Somoe atapika. Hicho nacho ni kitu." Akaenda zake, anapaza sauti nyumba hadi nyumba.

Somoe akaangalia pembeni mwa turubai. Kishungi alikuwa anaparura ardhi.

Baba hana kitu. Mama hana kitu. Somoe alikuwa nacho.

Hakutaka kufikiria. Akafikiria hivyo hivyo.

"Kishungi," akasema polepole. "Mimi nakupenda. Lakini Chande anatusahau."

"Ko ko ko," akasema Kishungi.

Jumamosi ikafika. Baba alikuwa anapanga mabenchi. Mama alikuwa nyuma ya madarasa, ana sufuria kubwa na moshi machoni.

Somoe akaja na Kishungi kwapani. Akaenda moja kwa moja kwa Bi Nandonde.

"Shikamoo, Bi Nandonde."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu vipi?"

"Auzwe."

"Mama amekutuma?"

"Kuku ni wangu. Auzwe, tupate bati."

"Loo! Mtoto ana moyo huyu!" Bi Nandonde akampokea Kishungi. "Nenda ukacheze, Mungu akubariki."

Ukacheze! Nani acheze? Somoe alikimbia mpaka nyuma ya choo cha shule. Akakaa chini, akaziba masikio kwa vidole.

Hakutaka kuona. Hakutaka kusikia. Kwa hiyo hakujua jambo moja, nami nitawaambia ninyi.

Kule kwao, kuku wa mchango hauzwi mara moja tu. Anayemnunua anatoa hela, anaziweka kapuni. Halafu anamwinua kuku juu, anasema, "Namrudisha!"

Na watu wote wanaitika, "Auzwe tena!"

Basi anauzwa tena, na tena, na tena. Mwisho kabisa, kuku anarudi kwa mwenyewe, na hela zinabaki kapuni.

Watu wazima wote wanajua. Somoe hakuambiwa na mtu. Kila mtu alidhani kaambiwa na mwenzake.

Mnada ukaanza. Bi Nandonde akamwinua Kishungi.

"Mtazameni! Kimbunga kilimshindwa huyu! Nani anaanza?"

"Mimi!" akasema mzee mmoja wa ng'ambo. Akatia hela kapuni. "Namrudisha!"

"Auzwe tena!"

"Mimi!" akasema mwalimu wa darasa la kwanza. Akatia hela kapuni. "Namrudisha!"

"Auzwe tena!"

"Mimi!" akasema muuza vitumbua, mikono ina unga. Akatia hela kapuni. "Namrudisha!"

"Auzwe tena!"

Kule nyuma ya choo, vidole havikutosha. Sauti ilipenya.

Auzwe tena? Somoe akashangaa. Kwa nini kila mtu anamrudisha Kishungi? Kwani ana kasoro gani?

"Ni kuku mzuri," akasema peke yake, na machozi yakamtoka. Sasa alikuwa na huzuni mbili. Kishungi anauzwa, na Kishungi hatakiwi.

Uwanjani akasimama mgeni kutoka mjini. Jina lake Bwana Evarist, anauza vitambaa. Alizaliwa mjini, akakulia mjini, na mnada wa namna hii hakuwahi kuuona.

"Natoa hizi," akasema. Akatia kapuni hela nyingi kuliko wote.

Watu wakapiga vigelegele. Bi Nandonde akampa Kishungi. Wote wakangoja aseme namrudisha.

Bwana Evarist akatabasamu. "Asanteni sana. Mke wangu anapenda sana mchuzi wa kuku wa kienyeji."

Akamchukua Kishungi, akaenda naye kwenye gari.

Vigelegele vikakatika.

Bi Nandonde akafungua mdomo, akaufunga. Mzee wa ng'ambo akaangalia vidole vya miguu yake. Mwalimu akakohoa kidogo.

Mgeni katoa hela nyingi. Nani atamwambia mgeni kakosea? Waliona aibu.

Watu wazima bwana! Aibu wanaijua, lakini mtoto wa watu hawakumkumbuka.

Somoe akatoa vidole masikioni. Kimya. Mnada umekwisha.

Akatoka nyuma ya choo. Akamwona mgeni, akaona gari, akamwona Kishungi.

Akaenda mpaka pale. Miguu ilikuwa mizito, lakini ilienda.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo, mtoto mzuri?"

"Sijambo. Naomba nimwambie kuku kwa heri."

Bwana Evarist akachuchumaa. "Kwani huyu kuku ni wako?"

"Ni wako," Somoe akasema. "Umemnunua."

"Na kabla sijamnunua?"

"Alikuwa wangu. Anaitwa Kishungi."

Bwana Evarist akamwangalia yule kuku.

"Anakula pumba," Somoe akaendelea haraka haraka. "Usimfunge miguu, inamuuma. Akisikia upepo anaogopa. Mwambie upepo umekwisha."

"Kwa nini umemtoa, mama?"

"Chande arudi."

"Chande ni nani?"

"Mdogo wangu. Hatuna paa, kwa hiyo yuko mbali. Anatusahau."

Bwana Evarist akaangalia uwanjani. Watu wote walikuwa wameinamisha vichwa. Akamtazama Kishungi, akamnyooshea Somoe.

"Mchukue."

Somoe akaweka mikono nyuma.

"Mchukue, ni wako."

"Simtaki!" Somoe akapiga kelele, na kilio kikatoka chote. "Simtaki! Namtaka Chande!"

Mnaelewa alivyofikiri? Alifikiri akimchukua kuku, mgeni atachukua hela zake. Hela zikienda, bati limekwenda. Bati likienda, Chande ndiyo basi tena.

"Ko ko ko," akasema Kishungi, na akamnyooshea shingo.

Somoe akarudi nyuma hatua moja. Mikono bado iko nyuma. 

Hapo Bi Nandonde hakuweza tena. Akaja mbio, akapiga magoti kwenye vumbi na khanga yake mpya.

"Mwanangu! Kumbe hukujua!"

"Hata mimi sijui," akasema Bwana Evarist. "Kuna nini hapa?"

"Kuku wa mchango hurudishwa," Bi Nandonde akasema. "Anarudi kwa mwenyewe."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tuliona aibu. Wewe mgeni wetu. Tusamehe, baba. Na wewe, Somoe, utusamehe. Tumekuliza bure."

Somoe akavuta kamasi. "Kuku akirudi, hela hazirudi?"

"Hazirudi. Ziko kapuni."

"Na bati?"

"Bati linakuja."

"Na Chande?"

Sauti ya Bi Nandonde, ile inayofika mtoni, ikakwama kooni. Haikutoka hata kidogo.

Lakini Mama alikuwa ameshafika, mwiko bado uko mkononi. "Na Chande," Mama akasema. "Chande anarudi."

Bwana Evarist akamwinua Kishungi juu kabisa.

"Namrudisha!" akasema kwa nguvu.

Safari hii hakuna aliyesema auzwe tena. Watu wote wakaitika, "Arudi kwao!"

Somoe akatoa mikono nyuma. Akampokea Kishungi, akaficha uso kwenye manyoya yake.

Lori likaleta mabati. Hayakutosha nyumba zote, sitawadanganya. Wakaanza na nyumba ambazo watoto wake wamepelekwa mbali. Wengine wakabaki chini ya maturubai, wakingoja mchango mwingine.

Baba akakandika ukuta tena. Pwata, pwata, pwata!

Majirani wakapanda juu na nyundo. Nga! Nga! Nga! Hata wale ambao hawakupata bati walikuja kugongelea.

Mvua ikaja. Somoe akasimama ndani, akautazama ukuta. Akautazama, akautazama.

Ukuta ukasimama.

Alasiri moja, Mama Mdogo akatokea njiani. Mgongoni kulikuwa na kichwa kidogo.

"Chande!" Somoe akaita.

Chande akamtazama. Akaficha uso kwenye khanga ya Mama Mdogo. Hakumjua.

Somoe alitaka kulia. Mama akamshika bega. "Tumngoje," akanong'ona. "Hata sisi alitungoja."

Wakamngoja. Chande akala uji, anawaangalia pembeni. Akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Akagusa ukuta kwa kidole.

Jua likazama. Mama akatandika mkeka mkavu kwenye nyumba kavu. Mama Mdogo akalala upande mmoja, ili Chande asiogope.

Lakini Chande hakulala kwa Mama Mdogo. Alizunguka, akazunguka, akasimama pale alipolala Somoe.

Akamtazama usoni, sana. Kisha akaketi juu ya tumbo lake kwa kishindo, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe.

"Uuh!" Somoe akasema. Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu kimbunga.

Mvua ikaanza juu ya bati. Ta ta ta. Ta ta ta ta ta!

Ilikuwa na kelele kweli kweli. Somoe akamshika Chande mguu.

"Somoe, umelala?" Mama akauliza.

"Bado."

"Lala sasa. Wote tupo."

Somoe akasikiliza mvua. "Bibi hayupo," akasema.

Mama hakumwambia nyamaza. Hakumwambia sahau. "Ndiyo," Mama akasema. "Bibi hayupo. Nami nimemkumbuka leo mchana kutwa."

"Chande yupo."

"Chande yupo."

Ta ta ta, mvua ikanyesha usiku kucha. Chande hakukohoa, na Somoe hakuuachia ule mguu.